Mazishi ya Droni ya Bondeni

Droni ya Zimamoto ya wilaya ya Bondeni ilikuwa ya kigeni, na serikali ilitaka ife kabla ya masika.

Afande Sikudhani Kiwope, mkuu wa Zimamoto na Uokoaji wa wilaya hiyo, aliisoma barua ya serikali akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa, kisha akampa dereva wake amsomee kwa sauti, labda masikio yangepata jambo ambalo macho yamelikosa. Hayakupata. Wizara ya Asili ya Vitu ilikuwa imegundua kwamba droni zilizotengenezwa nje zina tabia ya kuangalia. Zikiangalia, zinaona. Zikiona, huenda zikasimulia kwao. Kwa hiyo kila kikosi cha uokoaji nchini kingepewa Ruzuku ya Macho Mapya, kipate droni iliyozaliwa nyumbani, yenye moyo wa nyumbani.

Nchi yenyewe haitajwi jina hapa, kwa sababu jina lake liko kwenye kamati, linapitiwa.

Droni ya Bondeni ilikuwa kitu cha kijivu, ukubwa wa ungo, chenye mapanga manne na sauti ya mbu aliyeudhiwa. Ilikuwa na kasoro moja tu: ilionyesha kilichopo. Daraja la mto Luvumbi, kwa mfano, lilikuwa limeshazinduliwa na mawaziri watatu, kila mmoja na mkasi wake na picha yake gazetini. Droni ilipita hapohapo penye daraja, mchana kweupe, ikarudi na picha ya maji. Haikuwa na adabu.

Sikudhani hakuwa na ugomvi na daraja. Shida yake ilikuwa ng'ambo ya mto, kwenye mashamba ya mpunga, na jina lake ni Shaweji, mumewe wa ndoa. Kila masika Shaweji alihamia juu ya dungu, kile kitanda cha miti kilichoinuliwa juu ya mpunga, akakaa huko kutwa kucha akipiga debe na kuwatukana kwelea. Kila masika mto ulifurika, na kila masika Shaweji alisema maji hayafiki. Yalifika. Mwaka uliopita droni ndiyo iliyompata, juu ya paa la dungu, akiwa na debe, kuku mmoja na jirani yake Nyambali, wakibishana ni nani kati yao aliyesema maji hayafiki. Ubishi haukuisha hata ndani ya boti. Tangu hapo Nyambali alijenga dungu lake mbali, kule kwenye mkunjo wa mto, asimwone Shaweji. Kila jioni walipigiana madebe kujuliana hali, kisha wakanuniana tena.

Bonde lile ni pana, matete ni marefu kuliko mtu, na boti ya Zimamoto ilikuwa moja. Bila kitu angani, kumtafuta mtu mafurikoni ni kama kutafuta kitufe gizani. Sikudhani alitaka masika yakifika awe na droni inayoruka. Iwe ya kigeni, iwe ya nyumbani, kwake ilikuwa sawasawa.

*

Alikwenda mkoani kuonana na Bwana Eustaki Mperera, Afisa Mwandamizi wa Ruzuku, mtu mwembamba aliyeongea polepole kama anayelipwa kwa neno. Mperera alimweleza kwamba ruzuku haitolewi hivihivi. Inajaza nafasi iliyo wazi, na nafasi ya Bondeni haikuwa wazi, kwa sababu droni iliyopo ni mtumishi wa umma.

Hili lilikuwa kweli. Mwaka ule droni inaletwa, fungu la vifaa lilikuwa limekwisha kwa kununulia mapazia ya ofisi, lakini fungu la mishahara lilikuwa na salio. Kwa hiyo droni haikununuliwa, iliajiriwa. Iliandikwa Mwangalizi Msaidizi, ikapewa namba ya utumishi, ikakatwa bima ya afya. Ilikuwa imeshapandishwa cheo mara mbili, jambo ambalo Sikudhani mwenyewe hakuwahi kulionja.

Sasa mtumishi huondoka kazini kwa njia nne, Mperera akasema. Kustaafu, lakini marehemu mtarajiwa ana miaka minne tu. Kuacha kazi, lakini lazima aandike barua kwa mkono wake. Kuhamishwa, lakini hakuna wilaya itakayompokea mgeni wakati huu.

"Kwa hiyo?" Sikudhani akauliza.

"Kwa hiyo afe."

"Droni inakufaje, Bwana Mperera?"

"Kama watumishi wengine. Inazikwa na mwajiri, kwa heshima zote. Mimi nashuhudia jeneza likishuka, naandika cheti, nafasi inakuwa wazi, ruzuku inatoka."

Sikudhani akasema kama ni hivyo ataivunja leo hii kwa nyundo.

"Usithubutu," Mperera akasema, na kwa mara ya kwanza akaongea haraka. "Marehemu awe mzima. Mapanga yote yawepo, betri iwemo na iwe imejaa. Tumeibiwa sana vipuri misibani."

*

Msiba ulifana. Watu wa Bondeni walikuwa hawajawahi kuona pilau la serikali, wakaja wote, na waliokuwa hawaijui droni wakaanza kuikumbuka. Turubai lilisimamishwa. Seremala aliuliza vipimo vya marehemu, akaambiwa ungo, akachonga jeneza la mraba la mninga safi. Wanawake walilia, wengine kwa sababu walikuwa jirani na vitunguu, lakini wawili watatu walilia kweli, maana droni ile ilishawahi kuwapatia watu wao. Sikudhani alikaa mbele kwenye mkeka, amejifunga upande wa khanga juu ya sare, ameshika rimoti mapajani kama mjane aliyeachiwa kofia.

Kosa alilifanya yeye mwenyewe, na alilifanya kwa sababu alilelewa vizuri. Alipeleka taarifa kwa watani.

Kule Bondeni hakuna msiba bila watani. Watu wa Bondeni wametaniana na watu wa Mlimani tangu vita ambavyo hakuna anayekumbuka vilikuwa vya nini, na mtani akija msibani ana haki zake. Anaweza kumtukana marehemu, kulala kaburini, kubeba sufuria, na akitaka anaweza kuiteka maiti yenyewe mpaka wafiwa wamkomboe. Wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Kuzika bila kuwaita ni kumzika mtu kama mbwa. Sikudhani alituma salamu Mlimani kama ambavyo angetuma kwa ajili ya shangazi yake, wala hakufikiria zaidi ya hapo.

Bwana Mperera alikuwa katikati ya kusoma wasifu. "Marehemu alizaliwa ughaibuni, kiwandani, katika familia ya watoto elfu saba. Hakubahatika kuoa. Atakumbukwa kwa uchapakazi, ucheshi na kupenda watu. Ameacha chaja moja, betri ya akiba..."

Hapo ndipo waliposikia mbu.

Alikuwa Chausiku Ndembo, muuza supu ya kongoro wa Mlimani, mtani wa Sikudhani tangu wakiwa wasichana. Amevaa koti la mumewe nje ndani, chungio la nazi kichwani, sahani mbili za bati zimefungwa mikononi, anazizungusha na kuvuma kwa pua. Nyuma yake Mlimani nzima inavuma. Walizunguka turubai, wakatua mmoja mmoja juu ya mikeka, wakaanguka vichwa chini. Chausiku akainama juu ya jeneza.

"Amka, mvivu wewe," akamwambia marehemu. "Umechungulia nchi nzima, umemwona hata mume wa mtu akichutama mpungani, leo umefumba jicho unajitia mtakatifu?"

Turubai lilicheka mpaka nguzo zikayumba. Sikudhani alijifunika khanga usoni asionekane. Kabla kicheko hakijatulia, Chausiku alikuwa ameinua kifuniko, ametoa droni, ameibana kwapani, amepokonya na rimoti, amekaa juu ya jeneza tupu.

"Maiti yetu hii," akasema. "Itarudi kwa fahali."

Mperera, ambaye alikulia mjini, alidhani anaona wizi. Akamwita askari. Askari alikuwa wa Mlimani, na wakati huo alikuwa ameshabeba sinia la pilau. Ikabidi Mperera aelezwe polepole. Fahali analipwa na mwenye msiba. Mwenye msiba ni mwajiri. Mwajiri ni serikali. Mperera akafungua mkoba, akapekua mafungu. Lilikuwepo fungu la pilau, la maua, la hotuba, la kuwafuta machozi viongozi. Fungu la fahali halikuwepo.

Alifikiri, kisha akatoa uamuzi. Jeneza lizikwe tupu ili pilau lisiharibike. Yeye ataandika makao makuu kuomba fahali. Kwa sasa marehemu amekufa, lakini hajathibitika, na ruzuku isubiri.

*

Makao makuu walijibu upesi, kwa kawaida yao, baada ya mvua za kwanza. Waliuliza fahali ni wa asili gani, kwa kuwa Wizara haiwezi kugharimia mnyama mwenye damu ya nje. Mperera akajibu kwamba fahali bado hajapatikana. Wakaandika kwamba fahali ambaye hajapatikana asili yake haijulikani, kwa hiyo ombi limekataliwa mpaka ajulikane.

Mvua iliongezeka. Sikudhani alipanda Mlimani kwa miguu mpaka kwenye banda la supu. Akamkuta marehemu juu ya kabati, amefungwa khanga mpya, anachajiwa kwenye jenereta, maana Chausiku alisema mtani hamwachi marehemu na njaa. Sikudhani akamsihi. Shaweji yuko dunguni, mto umekuwa mwekundu, amrudishie tu droni, mengine watazungumza baadaye.

Chausiku aliacha kukoroga supu. Ilikuwa nadra kumwona hacheki. "Mimi nikikupa bure, nimemdharau marehemu wako na nimekudharau wewe," akasema. "Huu si wizi nirudishe, na si mkopo nisamehe. Na mwenye msiba si wewe, ni serikali. Mlete."

Serikali ikaja yenyewe. Uchaguzi ulikuwa karibu, na Waziri wa Asili ya Vitu, Mheshimiwa Daktari Lameki Chitundu, hakuona sababu ya kusubiri cheti cha kifo. Aliamua kuikabidhi Bondeni droni ya kizalendo kwa mkono wake, hapo hapo kando ya mto.

*

Siku hiyo mvua ilinyesha kama imelipwa. Jukwaa lilijengwa juu ya mawe, na maji ya Luvumbi yalikuwa yakilamba ngazi ya chini. Wazee walimvika Mheshimiwa mgolole na kumkabidhi fahali mweupe, mwenye utepe wa rangi za bendera shingoni, aliyezaliwa Bondeni na mama wa Bondeni. Mlinzi mmoja akashika kamba yake. Chausiku naye alikuwepo, mstari wa mbele, amembeba marehemu mgongoni kwa khanga kama mtoto mchanga, amekuja kudai. Mheshimiwa alipita akisalimia, akaona kamera, akasimama, akampapasa mtoto kichwani. Akaguswa na panga kidoleni.

"Mtoto huyu ana meno tayari," akasema kwa furaha. "Hizo ndizo juhudi za Wizara ya Afya."

Kisha ikafunuliwa droni. Ilikuwa imetengenezwa na Kiwanda cha Taifa cha Masufuria, na ilibebwa na wanaume wanne. Iliitwa Kipanga wa Taifa. Iliwekwa juu ya meza, meza ikalia. Mheshimiwa alibonyeza kitufe, na papo hapo, bila Kipanga kutikisika, skrini kubwa ikawaka: bonde lote, jua linawaka, mpunga wa kijani, daraja jeupe limelala juu ya mto, wananchi wanapunga mikono.

Watu walipiga makofi chini ya miavuli.

Ndipo Sikudhani akasikia madebe. Yalikuwa mbali, nyuma ya mvua, na yalikuwa mengi. Akajua mara moja. Kwelea hawaruki mvuani, na mtu hafukuzi ndege ambao hawapo.

"Sikieni," Mheshimiwa akasema kwenye kipaza sauti. "Hata ng'ambo wanapiga ngoma."

Sikudhani alipanda jukwaani na matope yake. "Mheshimiwa, mashamba yamezama. Watu wako madunguni wanaomba msaada."

"Afande, tazama hapa. Unaona maji?"

"Hiyo ni picha ya lini, Mheshimiwa?"

"Ni picha ya mpango."

"Lakini haijapaa."

"Huo ndio uzuri wake. Haipai, kwa hiyo haianguki. Ya kigeni ilikuwa inaangukaanguka." Akamwonyesha daraja kwa fimbo. "Kama kuna wanaotaka kuvuka, nenda kawavushe. Njia hii hapa, imenyooka. Hiyo ni amri."

Sikudhani aliona mto kwa macho yake, na aliona daraja kwenye skrini ya serikali, na alikuwa amevaa sare ya serikali. Alitii. Alipakia boti kwenye tela, akawapakia watu wake, akapeleka gari la Zimamoto na king'ora chake mpaka penye daraja. Walichokikuta ni nguzo mbili na utepe wa uzinduzi, mpya kabisa, na baada ya utepe, mto. Magurudumu ya mbele yaliingia kabla dereva hajamaliza kusema "Afande." Walikaa hapo saa nzima, matope mpaka viunoni, wakivuta boti isiondoke na gari. Muda wote huo waliyasikia madebe. Kule mbali, upande wa mkunjo wa mto, lilikuwepo moja lenye pigo la taratibu, mbili na kutulia, mbili na kutulia.

Aliporudi jukwaani, Mheshimiwa alikuwa bado anahutubia. Sikudhani hakumwomba mtu ruhusa. Alikwenda kwa mlinzi, akachukua kamba mkononi mwake kama mtu anayechukua mwavuli wake, akamvuta fahali wa Mheshimiwa, utepe na yote, mpaka mbele ya Chausiku.

"Mtani, serikali imelipa. Nipe maiti yangu."

Chausiku alimshika fahali nundu. Akamtazama meno. Akamzunguka, akasonya kidogo, kwa sababu mtani hasemi kitu ni kizuri.

"Amekondeana kama ahadi," akasema, "lakini ni fahali. Msiba umekombolewa."

Akafungua mbeleko, akamrudishia na rimoti.

Marehemu alipaa. Alipita juu ya jukwaa akivuma, na watu wa Bondeni, ambao walikuwa wamekula pilau lake, walipiga yowe lililozima kipaza sauti. Wengine walikimbia, wengine walipiga magoti, mwanamke mmoja alimwita aje amlipe deni la vitunguu. Bwana Mperera alisimama na kalamu mvuani akinong'ona kwamba marehemu hana kibali cha kusafiri.

Sikudhani hakuwa na muda nao. Kwenye kioo kidogo cha rimoti aliona maji matupu, kisha ncha za matete, kisha paa la kwanza na watu watatu juu yake. Akawatajia watu wake mahali, boti ikaenda. Paa la pili, boti ikaenda. Kwenye la tano kulikuwa na mtu mmoja mnene amekalia debe, anatoa maneno kwa mto. Sikudhani alimjua kwa namna alivyokaa. Aliendelea kuirusha droni mpaka maji yakafunika ngazi zote za jukwaa, na watu kumi wakashushwa ufukweni wakitetemeka.

Mheshimiwa naye alikuja kuchungulia kioo. Alitazama sana mahali penye daraja. Kisha akawageukia waandishi wa habari kwa uchungu.

"Mmeona wenyewe," akasema. "Lidude hili la kigeni limeondoka na daraja."

Shaweji, alipofungwa blanketi, alimwambia mkewe kwamba maji yalikuwa hayajafika na yeye alikuwa anajiandaa kushuka mwenyewe. Kisha akauliza Nyambali ameshushwa wapi, amwambie jambo. Sikudhani aliirudisha droni kwenye mkunjo wa mto, akaizungusha chini kabisa, ikagusa matete. Palikuwa na miti minne ya dungu, imelala. Debe lilikuwa limenasa kwenye mmoja.

*

Gharama ilikuwa hii. Fahali mmoja, ambaye Mlimani walimla kwa siku tatu na kumsifu kwamba ana asili nzuri. Jeneza moja la mninga, lililozikwa tupu, likafukuliwa, likazikwa tena na marehemu ndani, betri imejaa, askari wawili wakilinda kaburi na watani hawakualikwa. Gari la Zimamoto, ambalo lilitoka mtoni bila injini. Cheo cha Sikudhani, kilichochukuliwa kwa kosa la kumrudisha marehemu kazini bila kibali. Ruzuku ilitoka yote na Kipanga yuko mezani hadi leo, skrini inawaka, bonde ni kavu. Daraja halikuongeza gharama, ila utepe, kwa sababu litazinduliwa tena.

Halafu saa moja, ile iliyopotea penye utepe.

Na Nyambali. Debe lake analo Shaweji, liko juu ya dungu karibu na la kwake. Kwelea wanakula mpunga, na yeye anawatazama, hapigi.